Kadi za kuhamisha deni kwa asilimia 0: ni nini hasa kinachokuwa sifuri?

Tangazo lenyewe ni fupi: hamisha deni lako, asilimia 0 kwa miezi 24. Mara nyingi limepigwa picha na ndugu aliyeko Leicester au London, likatiwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla ya sala ya Isha limeshazaa maswali. Mmoja anauliza kama benki za Uingereza zimeanza kugawa pesa za bure. Mwingine anataka kujua kama na yeye aliyeko Langoni, hapa Lamu, anaweza kuomba. Shangazi anamuuliza mtoto wa nduguye, mbele za watu, kwa nini basi kila siku anasema hana za kumalizia paa la nyumba. Na yupo yule asiyekosekana, anayetaka kuambiwa kama kitu kisicho na riba si ndiyo halali yenyewe.

Maswali yote manne yana majibu. Ila ukianza na la paa kabla hujaeleza kadi yenyewe ni kitu gani, mtaishia kununiana. Tuanze chini kabisa.

Kadi ya mkopo na kadi ya ATM

Kadi ambayo wengi wetu tunayo hapa Lamu ni ya kutolea pesa zetu wenyewe. Una elfu tatu kwenye akaunti, ukitaka elfu nne mashine inakukatalia. Kadi ya mkopo haiendi hivyo. Ukiitumia dukani, anayelipa ni benki, na wewe unabaki na deni la benki. Kila mwezi unaletewa hesabu: umetumia kiasi gani, mwisho wa kulipa ni tarehe ngapi, na kiwango cha chini kabisa unachotakiwa kutoa mwezi huo. Ukilipa zote kabla ya tarehe hiyo, ulichonunua hakina riba. Ukilipa nusu, nusu inabaki na riba inaanza kuzaa. Hicho kinachobaki ndicho huitwa salio, na ndicho kinachohamishwa.

Riba ya kadi ni kali kuliko ya mikopo mingi ya benki kwa sababu benki haijashika chochote: hakuna hati ya shamba, hakuna logibuku ya gari, hakuna mwajiri anayekata kwenye mshahara. Uingereza si ajabu kukuta kadi inayotoza zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Mtu akishindwa miezi miwili mitatu, anajikuta anailipa riba tu na deni lenyewe limekaa palepale.

Hapo ndipo benki ya pili inapojitokeza. Inasema: nitalilipa deni lako kule, sasa utadaiwa na mimi, na kwa miezi kadhaa sitakutoza riba juu ya deni hilo ulilolihamisha. Deni halijalipwa. Limebadilisha mwenyewe. Uliyekuwa unadaiwa na benki ya kwanza, leo unadaiwa na ya pili, shilingi kwa shilingi, au tuseme pauni kwa pauni.

Benki haifanyi hisani. Kwanza inatoza ada ya kuhamisha, ambayo Uingereza kwa kawaida ni asilimia tatu au nne hivi ya deni, na Marekani mara nyingi ni kati ya 3 na 5. Pili, inajua tabia za watu. Inajua kwamba wapo watakaofika mwisho wa kipindi wangali na deni, na wapo watakaoanza kununulia vitu kadi hiyohiyo mpya. Faida yake iko kwa watu hao. Ukiwa mtu wa kulipa na kuondoka, wewe ndiye uliyeila benki.

Hesabu ya Fatma

Tumchukue mtu wa kubuni, Fatma, mzaliwa wa Mkomani anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Leicester. Anadaiwa pauni 2,400 kwenye kadi ya zamani inayotoza asilimia 24 kwa mwaka, yaani kama asilimia 2 kila mwezi. Anaweza kutenga pauni 100 kwa mwezi, hana zaidi. Mwezi wa kwanza riba ni pauni 48, kwa hivyo katika ile mia yake, 52 tu ndizo zinazopunguza deni. Akiendelea hivyo bila kukosa mwezi, na bila kununua hata soksi kwa kadi hiyo, atamaliza baada ya miezi 33 hivi na atakuwa ametoa karibu pauni 3,300. Pauni 900 zimeliwa na riba.

Sasa ahamie kadi ya asilimia 0 kwa miezi 24, yenye ada ya asilimia 3. Ada ni pauni 72, nayo huwa haitolewi mfukoni. Inaongezwa juu ya deni, linakuwa 2,472. Gawanya kwa 24 unapata 103 kamili. Fatma akijibana pauni tatu zaidi kila mwezi, kipindi kinakwisha na deni limekwisha, na amenusuru zaidi ya pauni 800. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, hizo si pesa za kuchezea. Kadi hizi, zikitumiwa hivyo, ni katika vitu vichache vya benki ninavyoweza kumwambia mtu wangu achukue bila kusitasita.

Anayekwenda Pate au Faza kwa mashua anaujua mkondo wa Mkanda. Maji yakijaa unapita na shehena yako. Yakipwa, unakaa baina ya mikoko unangoja. Kipindi cha asilimia 0 ni maji kujaa. Hakikupunguzii hata gunia moja la shehena. Kinakupa nafasi ya kuvuka, na saa ya kupwa umeambiwa tangu siku ya kwanza.

Wanaokwama ni wale wanaolipa kile kiwango cha chini peke yake. Tuseme kwa Fatma ni pauni 25 kwa mwezi. Hesabu inamjia safi, haina riba, hana ujumbe wa vitisho, anajiona yuko sawa. Baada ya miezi 24 amelipa 600. Zimebaki 1,872. Mwezi wa 25 riba inarudi, na kama ni ileile asilimia 24, ya mwezi huo peke yake ni kama pauni 37, zaidi ya hizo 25 alizozoea kutoa. Amerudi alikotoka, na ada ya pauni 72 ameshaibeba.

Kuchagua ni kugawanya

Watu huuliza: kadi ipi nzuri, yenye miezi mingi au yenye ada ndogo? Hakuna jibu mpaka ujue kiasi gani unaweza kutoa kila mwezi bila kuumia. Chukua deni, ongeza ada, gawanya kwa idadi ya miezi. Ukipata kiasi unachokiweza, kadi hiyo inakufaa. Ukipata kiasi usichokiweza, haikufai hata ikiwa tangazo lake linang'aa vipi.

Turudi kwa Fatma. Tuseme ameona kadi mbili. Moja ni ile ya miezi 24 na ada ya asilimia 3. Nyingine haina ada kabisa, lakini asilimia 0 yake ni miezi 12 tu. Macho yanavutwa na ile isiyo na ada. Ili aimalize kwa wakati anatakiwa atoe pauni 200 kila mwezi. Akiwa nazo, achukue hiyo, atakuwa hakulipa hata senti ya ziada. Lakini uwezo wake ni mia. Baada ya mwaka atakuwa amelipa 1,200, na zilizobaki 1,200 zinaanza kutozwa asilimia 2 kwa mwezi. Akiendelea na mia yake, atahitaji karibu miezi 14 mingine na riba itafika kama pauni 186. Kwa hivyo kadi "ya bure" ingemgharimu 186, na ile yenye ada ingemgharimu 72.

Na kinyume chake pia ni kweli. Mtu mwenye deni dogo analoweza kulimaliza kwa miezi minane hana sababu ya kulipa ada ili apewe miezi 30. Wengi hununua miezi wasiyoihitaji, kama vile miezi mingi ni sifa.

Kisha kuna neno dogo kwenye matangazo ambalo halisomwi: "hadi". Asilimia 0 hadi miezi 24. Maana yake benki inaweza kukupa 24, na inaweza kukupa 15, kutegemea inavyokuona. Uingereza kanuni inataka kiwango cha riba cha mfano kinachotangazwa kipewe angalau asilimia 51 ya wanaokubaliwa. Waliobaki wanaweza kupewa kigumu zaidi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutuma maombi, ndugu zetu walioko huko hushauriwa wapitie kwanza ule ukaguzi mwepesi wa mtandaoni unaoonyesha uwezekano wa kukubaliwa bila kuacha alama kwenye rekodi ya mikopo. Maombi kamili huacha alama. Ukitupa maombi matano kwa wiki moja kama mtu anayetupa mishipi, benki ya sita inaweza kukukataa kwa sababu tu ya hayo matano.

Masharti mengine hayahitaji maelezo marefu, lakini kila moja lina watu wake limewatia hasarani. Huwezi kuhamisha deni baina ya kadi mbili za benki moja, wala za benki mbili zilizo chini ya kampuni mama moja, na kule benki nyingi zenye majina tofauti ni ndugu. Asilimia 0 hupatikana ukihamisha ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi siku 60 au 90 tangu kufungua akaunti. Na miezi mara nyingi huhesabiwa tangu akaunti ilipofunguliwa, kwa hivyo anayehamisha mwezi wa tatu ameshaitupa miwili. Kiwango cha mkopo unachopewa kinaweza kuwa kidogo kuliko deni, na ada nayo inakula humohumo. Ukichelewa malipo hata mara moja, benki inaweza kuifuta ile sifuri, ndiyo maana mtu mwenye akili anaiagiza benki yake ikate malipo yenyewe kila mwezi. Na usiache kulipa kadi ya zamani siku uliyotuma maombi. Ngoja uone kwa macho yako kwamba pesa zimefika, kisha tazama tena hesabu ya mwezi unaofuata, maana siku zile za katikati huwa zimezaa riba ndogo inayobaki nyuma.

Kubwa kuliko yote hayo ni kununulia vitu kadi mpya. Sifuri ni ya deni lililohamishwa. Viatu utakavyovinunua kesho vinaweza kuwa na riba yao kamili, na kwa kuwa una salio linaloendelea, ile nafasi ya kununua leo na kulipa mwisho wa mwezi bila riba kwa kawaida hupotea. Kutoa pesa taslimu kwa kadi hiyo ni vibaya zaidi: kuna ada ya kutoa, na riba inaanza siku hiyohiyo. Ushauri wangu ni mgumu kidogo: kadi ya kuhamishia deni ikifika, ihifadhiwe mahali ambapo hata wewe utaona uvivu kwenda kuitafuta.

Marekani mambo yanafanana, na vipindi kule mara nyingi huwa kati ya miezi 12 na 21. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 imeweka kwamba kiwango cha ofa kidumu angalau miezi 6, na kwamba ukilipa zaidi ya kiwango cha chini, ziada iende kwenye deni lenye riba kali zaidi. Lakini kule kuna mdudu mwingine anayefanana na huyu: kadi za maduka zinazosema hakuna riba ukimaliza zote ndani ya miezi kadhaa. Hiyo si asilimia 0. Riba inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kwanza, na ukibakiza hata dola kumi mwishoni, unaletewa riba yote ya nyuma. Kwenye asilimia 0 ya kweli, riba huanza pale kipindi kinapokwisha, juu ya kilichobaki tu.

Tumjibu shangazi

Kwa hivyo, kwa nini Fatma hawezi kumalizia paa? Kwa sababu kadi hii haimpi pesa. Inalipa benki nyingine. Hakuna senti inayopita mikononi mwake, na hata aliyetuma tangazo kwenye kundi huenda alilituma kwa sababu yeye mwenyewe anadaiwa.

Ipo aina nyingine, jamaa wa karibu wa hii, ambapo benki inatia pesa kwenye akaunti yako ya kawaida nazo zinakuwa deni la kadi kwa asilimia 0 kwa muda. Ada yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kuhamisha deni. Wapo wanaoitumia kutuma nyumbani: mabati, ada ya skuli, matibabu. Siwezi kumwambia mtu asimtibu mamake. Lakini tuliopo huku tujue kwamba pesa hizo zina tarehe, na tarehe ikifika anayebanwa ni aliyetuma, wakati paa limeshaezekwa na sisi tumeshasahau. Kukopa harusi kulipa matanga, na matanga yenyewe anakaa peke yake huko ugenini.

Kwa aliyelemewa kiasi kwamba hata akigawanya vipi hapati kiasi anachokiweza, kadi mpya haimfai. Uingereza kuna mashirika ya hisani kama StepChange na Citizens Advice yanayoshauri watu wenye madeni bila malipo. Mtu wetu mara nyingi huona haya kwenda. Hujisikia afadhali kuomba kadi ya tatu kuliko kumwonyesha mgeni hesabu zake.

Kuhusu aliyeko Langoni anayetaka kuomba: hapana. Kadi hizi hutolewa kwa wakazi wa nchi husika, wenye anwani, kipato na historia ya mikopo inayoweza kukaguliwa kule. Hapa ndipo pana hatari halisi kwa watu wa huku, kuliko riba yoyote. Ukipigiwa simu au ukitumiwa ujumbe na mtu anayedai ni wakala wa kadi ya asilimia 0 ya ng'ambo, akakuomba picha ya kitambulisho na "ada ya usajili" kwa M-Pesa, huyo ni mwizi. Kumbuka ada ya Fatma ilikwenda wapi: iliongezwa juu ya deni, ndani ya kadi. Benki haikuomba itumiwe kwenye namba ya simu ya mtu.

Halali au si halali?

Swali hili Lamu haliepukiki, na jibu jepesi la "haina riba, basi halali" halitoshi. Mkataba wa kadi hii una riba ndani yake. Imeahirishwa tu, na sharti la kuitoza baada ya kipindi, au ukichelewa, limeandikwa na umelitia saini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 huko Riyadh mwaka 2000, liliamua kwamba kadi ya mkopo isiyofungamana na pesa za mwenye kadi haifai kutolewa wala kutumiwa ikiwa mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa kabla riba haijaanza. Baraza hilohilo likaruhusu ada maalumu inayolingana na huduma halisi iliyotolewa.

Ada ya asilimia 3 sasa inakaa wapi? Inapanda kadiri deni linavyopanda, na kazi ya benki ya kuhamisha pauni elfu moja haitofautiani na ya kuhamisha elfu tano. Hapo mtu ana haki ya kuuliza kama ni malipo ya huduma au ni ongezeko juu ya deni. Na kuna upande wa pili: aliyekwisha kunaswa kwenye deni lenye riba, akaona mlango wa kutokea upesi, hali yake si sawa na ya anayeingia kwa hiari. Hilo ni la kumpelekea mwanachuoni unayemwamini, pamoja na mkataba wenyewe mkononi, kwa sababu ukimuuliza kwa mdomo tu utamweleza lile tangazo na yeye atakujibu lile tangazo.

Na sisi huku?

Kinachofanana zaidi na haya hapa Kenya ni benki kununua mkopo. Afisa wa benki anafika skuli au hospitali, anakaa na walimu au wauguzi, anawaambia: tutalilipa deni lako la kule, utalipa kwetu kidogo kila mwezi. Anayesikiliza ni mtu mwenye mshahara wa kukatwa, na anachokisikia ni "kidogo".

Tuseme mwalimu wa Mokowe amebakiza shilingi 300,000 za kulipa kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya deni linalopungua. Anakatwa kama 14,980 kila mwezi. Benki ya pili inamnunua kwa asilimia 16, miezi 48. Makato yanashuka hadi karibu 8,500. Riba imeshuka, makato yameshuka, mshahara umepumua, kila kitu kinaonekana kimeshuka. Jumlisha sasa. Njia ya kwanza ingemtoa kama 359,400. Ya pili inamtoa kama 408,100. Amelipa zaidi ya shilingi 48,000 juu ya alichokuwa atalipa, na bado hatujaweka ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mkopo na ushuru unaotozwa juu ya ada, wala faini ya kumaliza mkopo wa kwanza mapema ikiwa ipo kwenye mkataba.

Huenda akawa na sababu nzuri ya kukubali. Kama ana mtoto anayeingia chuo, zile elfu sita zinazobaki kila mwezi ni kitu. Au ni mfanyakazi wa hoteli Shela, ambaye mvua za masika zikija wageni wanaondoka na mapato yake yanashuka. Kwake makato madogo yanaweza kuwa ndiyo tofauti baina ya kulipa na kushindwa. Lakini aamue akiwa anajua kwamba ananunua nafuu ya mwezi kwa bei ya elfu 48. Wengi huamini wamepunguziwa deni. Tena kuna wanaopewa na nyongeza, laki moja taslimu juu ya deni lililonunuliwa, na laki hiyo ndiyo inayotiwa saini kwa haraka.

Mikopo ya simu sitaizungumzia sana. Kukopa kwenye programu moja ili kulipa nyingine si kuhamisha deni kwa maana tuliyoieleza, kwa sababu mkopo mpya unakuja na gharama yake kamili tangu dakika ya kwanza. Fuliza, huduma ya M-Pesa ya kukopa pale salio linapopungua, iliyoanza 2019, hutoza kwa siku. Huduma nyingine hukata ada yote mwanzoni. Mfuko wa Hustler, mikopo ya serikali iliyozinduliwa Novemba 2022, ulitangazwa kwa asilimia 8 kwa mwaka, na huo angalau ni rahisi kuliko mwingi uliopo kwenye simu, ila viwango vyake kwa mtu binafsi ni vidogo kuweza kuondoa deni kubwa. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaokupa miezi ya kupumua.

Kwa anayekwenda kununuliwa mkopo, mambo ya kuuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi ni haya: jumla yote nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho ni shilingi ngapi, nikitaka kumaliza mapema natozwa nini, na naweza kuweka muda uleule wa miezi niliyobakiza badala ya kurefusha? Hilo la mwisho halitajwi na afisa mpaka uliulize. Mwalimu wetu akibaki na miezi 24 kwa asilimia 16, makato yake yangekuwa pungufu kidogo ya 14,700, na hapo kweli angekuwa ameokoa kitu, mradi ada zisimle.

Mkopo ukishanunuliwa, dai barua kutoka benki ya zamani inayosema huna deni kwao. Baada ya mwezi mmoja au miwili, omba ripoti yako ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Kenya kuna kampuni tatu zilizoidhinishwa na Benki Kuu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila mtu ana haki ya ripoti moja bila malipo kwa mwaka. Ukikuta mkopo wa zamani bado umeandikwa wazi, rudi na barua ile. Bila barua, utakuwa unabishana na kompyuta.